Dimbwi limekauka, samaki wamo

Swali: Shikamoo mwalimu. Naishi Mtongwe, ila shamba letu la ukoo liko Gazi. Nyuma ya minazi kuna dimbwi ambalo kila Februari hukauka kabisa. Ardhi hupasuka nyufa za kuingia mkono, na ng'ombe hupita juu yake. Masika yakishaanza, haupiti mwezi dimbwi lina samaki wadogo kama kidole cha mwisho: wengine buluu wenye mkia mwekundu, wengine kijivu mtupu, wengine kijivu wenye madoa meusi. Mto hakuna karibu. Bibi yangu husema samaki hao hushuka na mvua. Kaka yangu asema kuna mtu huwatia. Mwaka jana, mwezi wa Juni, nilichukua wawili nikawaweka kwenye tangi la kioo, nikawatunza vizuri, lakini haikufika Desemba wakafa. Nilikosea wapi? Na nyumbani yanazungumzwa mawili: kulifukia dimbwi kwa sababu ya mbu, au kulichimba zaidi tufuge ngege. Wewe wasemaje?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na jibu lenyewe, nisikuweke roho juu. Samaki hao hawakushuka na mvua, wala hakuna mtu aliyewatia. Walikuwamo humo humo dimbwini kiangazi chote, chini ya kwato za ng'ombe wenu, wakiwa mayai ndani ya udongo mkavu. Kwa hiyo naomba sana, kabla hamjaita lori la kifusi, nisomeni mpaka mwisho.

Umewatazama kwa jicho zuri, na maelezo yako yanatosha kuwatambua. Yule wa buluu mwenye mkia mwekundu usio na mchoro ni dume la Nothobranchius palmqvisti. Jina hilo alipewa na Einar Lönnberg, mtaalamu wa wanyama kutoka Uswidi, mwaka 1907. Samaki huyu anaishi katika ukanda wa pwani kuanzia kusini yetu huku Kenya hadi upande wa Tanga, Tanzania, na duniani hapatikani kwingine. Kijivu asiye na doa ndiye jike lake. Yule wa kijivu mwenye madoa meusi si mtoto wao wala si mgonjwa, kama baadhi ya watu wanavyodhani: ni jike la spishi nyingine, Nothobranchius melanospilus, na hilo neno la pili maana yake ni mwenye doa jeusi. Spishi hizi mbili huishi pamoja katika dimbwi moja mara nyingi tu, na huyo wa pili huwa mkubwa kidogo. Ukienda kaskazini, Kikambala wana wao, Nothobranchius interruptus. Ukivuka bahari, Unguja wana wao, Nothobranchius guentheri, ambaye kwao ni kisiwa kile tu. Kila kipande cha pwani kina samaki wake, kama vile Kimvita si Kiamu na Kiamu si Kiunguja.

Sasa tazama maisha yao, tuanze Mei wakati dimbwi limejaa. Dume humfuata jike akitandaza mapezi yote. Jike akikubali, huteremka pamoja mpaka kwenye tope, ubavu kwa ubavu, na dume humfunika mgongo kwa pezi lake la juu kama mtu anavyomfunika mwenziwe kwa leso. Hutetemeka pamoja kwa muda mfupi. Hapo jike amekunja pezi lake la chini likawa kama faneli, na kwa hilo anasukuma yai moja ndani ya tope, nalo dume hulirutubisha papo hapo. Yai moja tu, la ukubwa wa milimita moja au zaidi kidogo. Kisha hupanda, huteremka tena, yai jingine. Siku nzuri jike hutaga makumi ya mayai kwa namna hiyo, na kazi hii huifanya kila siku hadi kufa. Kiota hakuna, kulinda hakuna. Hawataonana na watoto wao. Dimbwi likikauka wazazi wote hufa, kila mmoja.

Ajabu yenyewe iko ndani ya lile yai. Yai la kuku huatamiwa siku 21, kifaranga akatoka, na hakuna namna ya kumwambia angoje. Kiinitete cha samaki huyu, yaani mtoto anayejengeka ndani ya yai, kinaweza kusimama njiani katika vituo vitatu. Cha kwanza ni siku za mwanzo kabisa, wakati seli zimetawanyika juu ya kiini cha yai na mwili bado haujaanza kujengwa. Cha pili ni pale umbo la mwili limekwisha chorwa, moyo umeanza, lakini viungo vingi bado. Hapa kinaweza kulala miezi mingi. Cha tatu ni samaki kamili, mwenye macho, aliyejikunja ndani ya ganda akingoja mlango ufunguliwe, na moyo wake umepunguza kasi ili akiba ya chakula isiishe. Wataalamu huita kusimama huku dayapozi. Mimi nauita usingizi, ingawa mwenye kulala hapa hajawahi kuwa macho.

Kinachomwamsha kutoka kituo hadi kituo ni hali ya udongo. Maji yakiwa bado yamejaa, tope la chini halina hewa, na kiinitete husimama kule mwanzoni. Kaskazi likianza kuvuma, maji yakanywea na ardhi ikapasuka, zile nyufa unazoingiza mkono ndizo madirisha: hewa hushuka hadi kwenye mayai, nayo huendelea mbele. Udongo wa mfinyanzi, ule mweusi unaonata kwenye viatu, hautoi unyevu wake wote hata jua likiwaka vipi, na yai halikauki kabisa. Ndiyo maana huwapati samaki hawa kwenye mchanga wala kwenye mawe ya matumbawe karibu na ufuo, maana huko maji hupenya yakaenda zake. Wanataka udongo wa kushika maji mvua ikinyesha na kupasuka jua likija. Dimbwi lenu lina udongo huo, na udongo huo ni nadra kuliko mnavyodhani.

Nawe ni mtoto wa shamba, kwa hiyo hili utalielewa haraka. Mvua ya kwanza hudanganya. Hunyesha siku tatu mwezi wa Machi, watu wakapanda, kisha jua likarudi na mbegu zikaungua. Mkulima mwenye busara hatii mbegu zake zote ardhini kwa mvua ya kwanza. Samaki huyu naye hufanya vivyo hivyo, ila hesabu hiyo imo ndani ya mayai yenyewe: mayai yaliyotagwa na jike mmoja, katika juma moja, hayafiki kituo cha tatu pamoja. Mengine huwa tayari mapema, mengine huchelewa, mengine bado yamelala fofofo. Mvua ya uongo ikija, walio tayari hutoka na kufa dimbwi likikauka, lakini ndugu zao wamebaki ardhini wakingojea masika ya kweli. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado jambo hili hunistaajabisha kila ninapolieleza.

Masika yakifika, maji hulowesha udongo na hewa iliyokuwa kwenye nyufa hutoka. Kiinitete kilicho tayari huhisi oksijeni imepungua, kikatoa kimeng'enya cha kulainisha ganda kwa ndani, kikapasua na kutoka. Yote hayo ni saa chache tangu maji yaingie. Kinachotoka ni samaki wa nusu sentimita hivi, mwembamba kama uzi. Karibu wote hutoka pamoja, kwa hiyo dimbwi zima huwa la rika moja. Nao hawatoki peke yao. Wale uduvi wadogo mno wa maji baridi, unaowaona kama vumbi linalorukaruka majini, nao huacha mayai yao kwenye udongo mkavu na huamka kwa mvua hiyo hiyo. Chakula na mlaji huamshwa siku moja. Bibi yako, basi, hakuwa mbali na ukweli. Aliona kwa macho yake kwamba samaki na mvua haviachani, na hilo ni sahihi. Kilichomfichika ni kwamba njia yao inatoka chini. Mpelekee salamu zangu na umweleze hivyo kwa adabu.

Ukuaji wao ni wa kasi isiyo na mfano. Yuko jamaa yao wa kusini, Nothobranchius furzeri, aliyepatikana mwaka 1968 katika hifadhi ya Gonarezhou nchini Zimbabwe na kupewa jina la Richard Furzer aliyemkusanya. Watafiti walimfuatilia katika madimbwi ya Msumbiji, na mwaka 2018 wakatoa taarifa kwamba anaweza kuwa mtu mzima wa kuzaa siku 14 baada ya kuanguliwa. Wiki mbili tu! Hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo anayejulikana kukomaa haraka hivyo. Samaki wako wa Gazi hawana pupa kiasi hicho, lakini nao huhesabu kwa wiki. Hawana budi, kwa kuwa hakuna ajuaye dimbwi litadumu miezi mingapi.

Na hapa ndipo jibu la wale wawili waliokufa. Hukukosea, mwanangu. Walizeeka. Walianguliwa Aprili au Mei, ukawachukua Juni wakiwa wazazi tayari, wakafa kabla ya Desemba; kwa samaki wa jenasi hii hayo ni maisha ya kutosha. Wengi wao hata ukiwapa maji safi na chakula kila siku hawafiki mbali zaidi ya mwaka, na yule furzeri baadhi ya koo zake humaliza umri kwa miezi michache tu. Pengine uliona rangi ya dume ikififia, mgongo ukajikunja, akawa mzito wa kuogelea. Huo ni uzee hasa, na unafanana na wetu katika mengi: uvimbe hujitokeza ndani ya mwili, misuli hulegea, hata kujifunza hupungua. Kwa sababu hiyo maabara za Jena na Cologne kule Ujerumani zimejaa matangi ya samaki wa madimbwi ya Afrika. Mtu akitaka kuchunguza uzee kwa panya hungoja miaka miwili na zaidi. Kwa samaki huyu ataona maisha mazima, kuanguliwa hadi kufa, ndani ya miezi. Mwaka 2015 jenomu ya furzeri, yaani orodha nzima ya urithi wake, ilichapishwa yote. Mwaka 2017 watafiti waliwapa samaki wa umri wa kati bakteria wa tumboni waliotoka kwa samaki vijana, nao wakaishi muda mrefu kuliko wenzao. Nasema haya ili watu wa nyumbani kwenu wajue kwamba viumbe wa ukoo wa hao wanaotaka kuwafukia kwa kifusi wanatunzwa huko ng'ambo kwa taa, saa na madaftari.

Kuhusu rangi, umewahi kujiuliza kwa nini madume ni wachache kadiri msimu unavyosonga? Yangeyange, korongo na mdiria humwona mwenye rangi kwanza, na kunguni wakubwa wa maji nao humkamata zaidi anayejitangaza. Madume hupigana pia. Kwa hiyo dimbwi lililoanza na madume na majike sawa huishia likiwa na majike wengi. Uzuri wake ndio unaommaliza, lakini asipokuwa nao jike hamtaki.

Kaka yako atauliza: kama hakuna mto, walifikaje huko? Mara nyingi ni mafuriko. Bonde lote likifunikwa maji, kama zile mvua za El Niño za 1997 na 1998 ambazo wazee wote wa pwani wanazikumbuka, madimbwi huungana kwa siku chache na samaki wakahama. Ndege nao wamo katika hesabu. Mwaka 2019 watafiti wa Brazil, ambako kuna samaki wa aina nyingine wenye maisha ya namna hii hii, walionyesha kwamba yai linaweza kumezwa na bata-maji, likapita tumboni mwake na kutoka likiwa hai: takriban yai 1 kati ya 100. Ni chache, lakini ndege ni wengi na miaka ni mingi.

Tuje kwenye kufukia. Siwezi kuficha nionavyo: msilifukie. Likishajazwa kifusi, hakuna mvua itakayowarudisha, kwa sababu mayai hayawezi kutoka chini ya mita ya mawe na saruji. Na kwa upande wa mbu hamtafaidi sana. Samaki hawa hula viluwiluwi vya mbu kwa uchu; wataalamu wa malaria wa Afrika Mashariki waliliona hilo tangu miaka ya 1940. Nitasema ukweli wote: siku za mwanzo baada ya mvua, samaki bado ni wadogo mno kumeza kiluwiluwi kikubwa, kwa hiyo mbu hupata nafasi kwa siku kadhaa. Baada ya hapo dimbwi lina walinzi. Mbu wanaowauma jioni waangalieni kwanza kwenye mitungi isiyofunikwa, vifuu vya nazi vilivyotupwa, magurudumu mabovu na mapipa ya maji ya mvua, ambako hakuna samaki wa kuwala. Na mtu akija na yule samaki wa mbu wa kutoka Marekani, gambusia, mkatalieni. Yeye huzaa watoto hai, hana yai la kuvuka kiangazi, kwa hiyo kila mwaka mtamleta upya. Na akiwamo huwala watoto wa wenyeji na kuwang'ata mapezi wakubwa.

Kulichimba kwa ajili ya ngege ni kosa la namna mbili. Mkichimba mkapita ule udongo mweusi, huenda mkafika kwenye mchanga, dimbwi likavuja lisishike maji tena. Na mkifanikiwa likawa la maji ya mwaka mzima, mayai yatakaa kwenye tope lisilo na hewa bila kuendelea, mwisho yataoza, na wachache watakaotoka wataliwa na ngege. Samaki huyu anahitaji ukame kama anavyohitaji mvua. Watu wengi wema wameharibu madimbwi kwa kuyaongezea maji. Ikiwa mnataka ngege kweli, chimbeni kidimbwi kingine mbali, upande wa chini, ili maji yake yakifurika yasiingie hili la zamani. Ng'ombe waacheni wanywe kama kawaida, maji ya tope hayawasumbui samaki hawa hata kidogo. Dawa za kunyunyizia mimea ndizo msizisafishie humo.

Kuwafuga unaweza, na ningefurahi ufanye hivyo, mradi uchukue wachache. Dume mmoja na majike wawili au watatu, kwa chujio la tui au chandarua laini, si zaidi. Wachukue wakiwa wachanga, wiki chache baada ya mvua, ndipo utawafaidi. Maji ya mfereji yaache yakae siku nzima kabla ya kuyatumia ili klorini itoke. Tia kijiko kidogo cha chumvi kwa kila lita 10, kwa sababu samaki hawa wanashambuliwa kwa urahisi na ugonjwa unaowapaka kitu kama vumbi la dhahabu mwilini, na chumvi kidogo humzuia mdudu wake. Tangi lisikae juani. Joto la nyuzi 22 hadi 26 ndilo linawafaa, na Mombasa hiyo ina maana ya pembe yenye upepo. Usiwape unga wa samaki wa dukani pekee, wengi hawaugusi. Viluwiluwi vya mbu kutoka ndoo uliyoiweka nje ndicho chakula chao.

Wakitaka kutaga, wawekee bakuli dogo lenye vumbi la makumbi ya nazi lililochemshwa na kuoshwa mpaka maji yake hayatoi rangi. Wataingia wenyewe. Baada ya wiki mbili litoe, likamue kwa mkono, litandaze kwenye gazeti mpaka liwe na unyevu kama wa tumbaku, kisha litie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko na uandike tarehe na jina la mahali. Hilo la mwisho usilisahau. Wafugaji wa Ulaya hutumiana mayai haya kwa posta, na kila kifuko kina jina la kijiji yalikotoka, ili samaki wa dimbwi moja wasichanganywe na wa jingine. Jina la Gazi limekwisha safiri hivyo kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo hiyo usichukue udongo wa dimbwi lenu ukaumwaga Kikambala au popote kwingine.

Baada ya miezi mitatu, anza kuchungulia. Mayai yaliyo tayari huonyesha jicho lenye mzingo wa dhahabu, utaliona hata bila kioo cha kukuzia ukiwa na macho ya ujana. Hapo mwagia maji ya mvua, kina cha vidole viwili tu, yawe ya baridi kidogo. Asubuhi yake mulika kwa tochi kutoka ubavuni. Watoto walishe vile vidudu vya maji ya kijani ya mtungini, au artemia, uduvi wadogo wa maji ya chumvi, kama unamfahamu mtu wa mashamba ya chumvi ya Gongoni. Usimwage maji hayo kabla ya bibi yako kuja kutazama.